Jina la Aliyenifundisha

Mwezi wa Aprili mwaka 2018 nilikuwa Marekani, katika jimbo la North Carolina, nilikokwenda kumtazama binti yangu aliyeolewa huko. Siku moja mkwe wangu aliniambia, "Baba, kesho nitakupeleka ukasikilize muziki wa kwetu." Tukaondoka alfajiri, tukafika katika mji mdogo wa Wilkesboro, ambako kila mwaka mwishoni mwa Aprili hufanyika tamasha liitwalo MerleFest katika viwanja vya chuo cha hapo. Nilikwenda kwa adabu ya mgeni. Mgeni akiletewa chakula asichokijua huonja, nami nilikwenda kuonja.

Muziki mkuu wa hapo ni ule uitwao blugrasi, pamoja na ndugu zake wa zamani wa milimani. Blugrasi kwa desturi hupigwa kwa ala za nyuzi peke yake: fidla, banjo, mandolini, gitaa, na besi kubwa lenye kimo cha kumpita mtu. Ngoma haimo. Wapigaji husimama karibu karibu, na zamu ya mmoja ikifika husogea mbele ya kipaza sauti, akatoa alichonacho, kisha akarudi nyuma kumpisha mwenzake. Majukwaa yalikuwa mengi, na hata chini ya miti watu waliojuana dakika ile ile walikaa duara, kila mmoja na ala yake, wakapiga kama waliolelewa nyumba moja.

Lakini jambo lililonishika halikuwa muziki wenyewe. Lilikuwa maneno yaliyotangulia muziki. Wapigaji wengi, kabla ya kuugusa uzi, walisema wimbo ule wameutoa wapi. Huyu alisema amefundishwa na bibi yake, ambaye naye aliupata kwa jirani. Yule alisema aliusikia kwa fundi seremala wa kijiji cha pili. Mwanzoni niliona ni maneno ya kupoteza muda. Baadaye nilikumbuka jinsi wanazuoni wetu wanavyoitaja sanadi kabla ya hadithi: fulani kapokea kwa fulani, naye kwa fulani, mpaka kwenye chanzo. Nikaanza kusikiliza majina kuliko nyimbo.

Alasiri akapanda mzee mmoja mwenye kofia, peke yake na gitaa. Alipiga kwa kidole gumba na kidole cha shahada tu. Gumba likitembea kwenye nyuzi nene kama hatua za mtu anayekwenda safari ndefu, na kile kingine kikiimba juu yake. Mkwe wangu alinitazama akaniuliza kama nilikuwa naumwa. Nikamjibu kuwa ni vumbi. Vumbi halikuwapo, maana usiku ule ilikuwa imenyesha.

Msomaji wangu, nitakueleza sababu, ingawa hainipi sifa.

Mwaka 1974 nilikuwa mwanafunzi katika shule moja ya bweni nchini Tanzania. Shule ile ilikuwa na mlinzi wa usiku, mtu mzima wa makamo, ambaye ujana wake aliumalizia kwenye migodi ya Katanga. Alikuwa na gitaa lililopasuka ubavuni na kuzibwa kwa kipande cha bati. Alilipiga kwa vidole viwili, kama walivyopiga watu wengi wa kule. Mpigaji mashuhuri wa mtindo huo, Mwenda Jean Bosco, alirekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952, na mwaka 1969 alipiga kwenye tamasha la Newport, huko huko Marekani. Mlinzi wetu hakurekodiwa na mtu. Alipiga katika kibanda chake cha getini, taa ya chemli ikiwa chini, na mimi nikitoroka bweni kumfuata. Nilimpelekea sukari na viberiti. Yeye alinipa vidole vyake. Kwa mwaka mzima aliushika mkono wangu kama ashikavyo mwalimu wa chuo mkono wa mtoto anayeandika alifu. Palikuwa na kipande kimoja alichokipenda kuliko vyote, na hicho ndicho alichonifundisha kwa saburi, mpaka nikaweza kukipiga huku natazama pembeni.

Mwisho wa mwaka yakawa mashindano ya shule za mkoa. Nilipiga kipande kile, nikapata zawadi ya kwanza: kalamu ya wino na vitabu viwili. Mgeni wa heshima aliniuliza mbele ya watu, "Kijana, nani amekufundisha?" Nikajibu, "Nimetunga mwenyewe."

Usiku ule lori liliporudi shuleni, aliyefungua geti alikuwa yeye. Habari zilikuwa zimemfikia. Alinipa mkono wa pongezi, akaniambia niende nikalale. Sijui kama aliambiwa lile jibu langu. Muhula uliofuata tuliporudi tulimkuta mlinzi mwingine. Niliuliza amekwenda wapi, nikaambiwa ameacha kazi. Sisi wanafunzi tulikuwa tukimwita Mzee Geti, na sikupata kumwuliza jina lake. Nilimla mtu yule mwaka mzima bila kujua aliitwa nani.

Basi pale Wilkesboro, baada ya zaidi ya miaka arobaini, nilikaa katikati ya watu wanaotaja walimu wao, na mimi sina wa kumtaja. Ndipo nilipoanza kujiuliza: mtu anayesimama jukwaani akapigiwa makofi anadaiwa nini na yule asiyekuwapo jukwaani?

Lile tamasha lenyewe lina jambo la kujibu, tena limo ndani ya jina lake. MerleFest ilianzishwa mwaka 1988 kwa kumbukumbu ya Eddy Merle Watson, mpiga gitaa aliyekufa mwaka 1985 katika ajali ya trekta. Baba yake, Doc Watson, alikuwa kipofu tangu uchanga na ni mmoja wa wapiga gitaa wakubwa waliotoka katika milima ile. Kijana alipewa majina ya wanamuziki wawili ambao baba yake aliwastahi, Eddy Arnold na Merle Travis. Travis alikuwa mtu wa Kentucky, bingwa wa kupiga kwa gumba na kidole. Naye hakuficha alikojifunza: aliwataja Mose Rager na Ike Everly, wachimba makaa ya mawe wa kwao. Wale nao walijifunza mengi kwa Kennedy Jones. Na wanaofuatilia historia ya gitaa la Kentucky husema kwamba miongoni mwa watu aliowasikiliza Kennedy Jones alikuwamo mtu mweusi aitwaye Arnold Shultz.

Shultz alizaliwa mwaka 1886, mwana wa mtu aliyewahi kuwa mtumwa. Alifanya kazi kwenye migodi ya makaa, akapiga gitaa na fidla kwenye dansi za weusi na za weupe, akafa mwaka 1931 bila sauti yake kuwekwa kwenye santuri hata moja. Kijana mmoja yatima wa jirani, Bill Monroe, alipiga naye katika dansi hizo. Monroe huyo ndiye aliyeunda bendi ya Blue Grass Boys, na ni kwa jina la bendi hiyo muziki mzima ukaitwa blugrasi. Mwaka 1939 alianza kusikika katika kipindi cha redio cha Grand Ole Opry, na kabla ya kufa kwake mwaka 1996 alikuwa amekwisha kuitwa baba wa blugrasi.

Kwa haki ya Monroe lazima isemwe kwamba hakumkana Shultz. Alipohojiwa alimtaja, akasema amechukua kwake. Walakini mjomba wake Pen Vandiver, mpiga fidla aliyemlea, alimtungia wimbo mzima, na watu wanauimba mpaka leo. Shultz alipata maneno ya mahojiano. Sisemi hivi kwa kumlaumu, maana mjomba ni damu. Nasema tu kwamba kuna kutajwa na kutajwa. Kuna jina linalotiwa ndani ya wimbo, na kuna jina linalobaki nje mlangoni, likingoja aulizwe mtu.

Sasa yapo majibu matatu ambayo mwenye kesi kama yangu hujitetea nayo. Nimeyatumia yote mwenyewe, kwa hiyo nayajua vizuri.

La kwanza ni kwamba nyimbo hazina mwenyewe. Ni kama maji ya mto. Kila mtu anachota. Hata yule mlinzi alikipata kipande chake kwa mtu mwingine huko Katanga, na huyo kwa mwingine. Jibu hili lina ukweli mkubwa. Lakini nimeona kwamba wanaolisema mara nyingi ni wale waliokwisha kujenga kibanda cha ushuru kando ya mto. Chukua habari za Lesley Riddle. Alikuwa mpiga gitaa mweusi aliyepoteza mguu katika ajali ya kiwanda cha saruji. Kuanzia mwaka 1928 alifuatana na A.P. Carter, mkuu wa kundi la Carter Family, wakizunguka milimani kukusanya nyimbo. Carter aliandika maneno, Riddle akaishika tuni kichwani. Carter alikuwa rafiki yake na alimkaribisha nyumbani kwake, katika nyakati ambazo sheria na desturi za ubaguzi hazikupenda urafiki wa namna hiyo. Lakini nyimbo ziliposajiliwa, haki ya utunzi ilikwenda kwa Carter. Mwaka 1965 mwanamuziki Mike Seeger alimkuta Riddle katika mji wa Rochester, kaskazini, akiwa amekwisha kuacha gitaa. Kama maji ni ya wote, yawe ya wote hata mbele ya karani wa usajili.

Jibu la pili ni kwamba aliyeng'arisha naye ana haki yake. Hili pia ni kweli. Monroe hakumwiga Shultz. Alichukua hapa na pale, akajenga nyumba isiyokuwapo. Mimi mwenyewe siku ya mashindano niliongeza mapambo mawili matatu ya kwangu. Lakini tazama vizuri: jibu hili linanipa haki ya kusema "nimeongeza," halinipi haki ya kusema "nimetunga mwenyewe." Kumtaja mwalimu hakumpunguzii mwanafunzi kitu. Wale wapigaji wa Wilkesboro walipotaja majina ya bibi zao na maseremala wao, makofi hayakupungua. Niliyasikia kwa masikio yangu.

Jibu la tatu ndilo gumu, na halitoki kwa mwizi bali kwa mtu mwenye akili. Linasema: kutaja ni rahisi. Jina halinunui unga. Mtu anaweza kusimama jukwaani akamsifu marehemu kwa sauti ya huzuni, kisha akaenda zake na fedha, na sifa ile ikawa pambo jingine la onyesho lake. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Hawakusema dawa ya deni ni kulitangaza.

Juu ya hili nimefikiri sana, na lililonisaidia ni habari za mama mmoja, Elizabeth Cotten. Alizaliwa karibu na Chapel Hill, katika jimbo lile lile la North Carolina, mwaka 1893. Alikuwa wa mkono wa kushoto, akajifunza gitaa kwa kuligeuza juu chini, na akiwa bado mtoto alitunga wimbo uitwao Freight Train. Akaolewa, akaacha gitaa, akafanya kazi za nyumbani miaka mingi. Akiwa mtu mzima aliajiriwa Washington katika nyumba ya akina Seeger, na huko wakagundua kwamba mtumishi wao anajua kupiga. Binti wa nyumba, Peggy, aliupenda wimbo ule akaupeleka Uingereza bila nia mbaya. Kule watu wawili wakausajili kwa majina yao, na mwaka 1957 ukavuma. Mwenyewe alikuwa jikoni.

Lakini habari haikuishia hapo. Mike Seeger, wa familia ile ile, alikwenda kumrekodi mama huyo nyumbani kwake, na mwaka 1958 santuri ikatoka kwa jina lake Elizabeth Cotten. Haki yake juu ya wimbo ikatetewa. Akapanda majukwaani, na mwaka 1985, akiwa amepita miaka tisini, akapata tuzo ya Grammy, miaka miwili kabla ya kufariki. Hapo kutajwa kulitembea na miguu. Jina lilifuatwa na mtu aliyebisha hodi mlangoni, akatoa chombo cha kurekodi, akampisha mwenye wimbo mbele ya kipaza sauti.

Mfano wa pili ni wa karibu zaidi. Mwaka 2005, mjini Boone, walikusanyika watu waliotaka kuikumbusha dunia kwamba banjo ni ala iliyotoka Afrika. Watumwa waliotolewa Afrika ya Magharibi ndio walioiunda ng'ambo kwa vibuyu na ngozi, kwa kumbukumbu ya ala za kwao. Vijana watatu weusi waliokutana kwa sababu ya mkutano ule walianza kwenda nyumbani kwa mzee mpiga fidla, Joe Thompson, aliyezaliwa mwaka 1918. Walikwenda kila wiki, wakakaa, wakapiga naye, wakasahihishwa. Kundi lao, Carolina Chocolate Drops, lilipopata jina na kisha Grammy mwaka 2011, watu wote walimjua Joe Thompson, kwa sababu wanafunzi wake walikuwa wakimtaja kila mahali na kupanda naye jukwaani. Mzee alifariki mwaka 2012 akijua kwamba alichokuwa nacho hakifi naye. Mmoja wa wale watatu, Rhiannon Giddens, mwaka 2017 alisimama mbele ya mkutano wa wakuu wa blugrasi huko Raleigh, akawaeleza wazi nafasi ya watu weusi katika muziki wanaouita wao. Na mwaka 2020 wakfu wa chama chao cha kimataifa ulianzisha mfuko wa kuwasaidia wanamuziki weusi, ukaupa jina la Arnold Shultz. Miaka themanini na tisa baada ya kufa kwake, jina lake likaanza kulipa kitu.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Kutaja si malipo, lakini ni kukiri deni, na asiyekiri deni hawezi kuanza kulilipa. Malipo yenyewe ni kurudi. Ni kurudi mpaka mlangoni kwa aliyekupa, akiwa hai, na kumsogeza mbele kama wafanyavyo wapigaji wale wanapopishana kwenye kipaza sauti. Mtu anayesogea mbele zamu yake na asirudi nyuma hapigi tena blugrasi. Anapiga peke yake huku wengine wakimshikia mdundo.

Mtu atauliza: na aliyechelewa, afanye nini? Walioiunda banjo ya kwanza katika mashamba ya watumwa hawana hata mmoja anayejulikana kwa jina. Juu ya hili nilipata faraja kidogo kwa mpiga banjo wa blugrasi aitwaye Béla Fleck. Mwaka 2005 alibeba banjo yake akaja nayo Afrika: Uganda, Tanzania, Gambia na Mali. Hakuweza kumpata aliyeiunda. Alikaa na wapigaji walio hai, akapiga nao, miongoni mwao Mtanzania Anania Ngoliga, na majina yao yakaandikwa kwenye kazi ile. Filamu ya safari hiyo ilipewa jina linalotokana na Bagamoyo, mahali ambapo watu huambiwa kuwa mateka waliubwaga moyo kabla ya kupakiwa majahazini. Nyuzi za banjo hazikutoka pwani yetu, hilo lazima lisemwe. Lakini aliyelipoteza jina la mwenye deni anaweza angalau kuwaendea ndugu zake.

Nimekwisha kuzeeka. Vidole vimekuwa vizito, ila kipande kile bado nakiweza, kwa mwendo wa pole. Tangu nirudi safari ile namfundisha mjukuu wangu. Kila tunapoanza humwambia: hiki nilifundishwa na mlinzi wa usiku wa shule yetu, aliyejifunza gitaa Katanga, nilisema ni changu, na nilisema uongo. Mara ya kwanza mtoto alisikiliza, akafikiri, kisha akauliza, "Babu, alikuwa anaitwa nani?"

Nikamweleza kwamba sikumwuliza.

"Mwaka mzima?"

Nikamjibu ndiyo, mwaka mzima. Hakunicheka. Aliinamia gitaa, akaanza kutafuta uzi wa kwanza kwa gumba lake. Nawe msomaji, ukiwa na mtu anayekupa kitu usiku kwenye kibanda chake, kesho mwulize jina.